UZI: "Bibi, choo unapata?" Akajibu, "Ninacho, tumeezeka bati." Maneno ya haja, ya kwetu na ya Kilatini

MtafsiriUyole (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Anayekula amalize kwanza, uzi hauendi popote.

Nilipewa kazi ya kutafsiri dodoso la afya kutoka Kiingereza, la kuulizia wagonjwa wa tumbo vijijini huku kwetu. Nikaona ni kazi ya jioni mbili. Swali la tatu likanikalisha wiki nzima. Ukurasa wa kwanza unasema "elimination", mistari miwili chini yake "stool", kisha "defecation", ukigeuza ukurasa unakutana na "micturition". Maneno yote yamevaa suti na tai, na anayeulizwa ni bibi aliyeshuka Isyonje na gari la viazi.

Nikaandika kama waganga wote wanavyouliza: "Unapata choo?" Siku ya majaribio nilikaa karibu na dirisha nisikilize. Msichana wa kuuliza ana adabu zake, akapiga shikamoo, akauliza, "Bibi, choo unapata?" Bibi akavuta kanga vizuri, akasema, "Choo ninacho, mwanangu. Mwaka juzi tumeezeka bati. Zamani kilikuwa cha nyasi, mvua ikinyesha unaingia na mwavuli." Msichana akatazama karatasi. Visanduku ni viwili tu, ndiyo na hapana. Akaweka vema kwenye ndiyo.

Bibi alikuwa siku ya nne hajaenda. Tulikuja kujua baadaye, alipokuwa anamnong'oneza mjukuu wake pale nje kwenye benchi.

Kosa ni langu, sitafuti wa kumsukumia. Ila niliudhika, nikasema ngoja nione hawa wenye maneno ya suti waliyashonea wapi. Nikaenda kuchimba Kilatini. Wakuu, ni vichekesho.

"Defecation" imetoka kwenye neno *faex*. *Faex* ni mashapo, yale mazito yanayotulia chini ya mtungi wa mvinyo. Wingi wake ni *faeces*. *Defaecare* ni kuondoa mashapo ili kinywaji kibaki safi. Basi. Hakuna choo hapo. Mama anayechuja komoni kwa kitambaa na kurushia kuku machicha, kwa Kilatini cha haki yeye ndiye anayefanya hiyo kazi, tena mbele za watu na bila aibu. Hata Waingereza walipolichukua karne ya 16 walimaanisha kutakasa. Maana ya chooni ilikuja kulikalia karne ya 19.

"Excrement" nalo: *excernere*, yaani *ex* ni nje, *cernere* ni kuchekecha. Chekeche lenyewe waliliita *cribrum*, ni ukoo huo huo. Kwa hiyo *excrementum* ni makapi, kile kinachobaki ukishapepeta. Mpunga wa Mbarali ukiusimamia siku ya upepo, ungo mkononi, unaelewa neno hili kuliko daktari.

Na hili "elimination" ndilo lililonimaliza. *Limen* ni kizingiti cha mlango. *Eliminare* ni kutoa kitu nje ya kizingiti, kumtimulia mtu nje. Mrumi alikuwa anasema kama shemeji yangu anavyoaga sebuleni: "Natoka nje kidogo."

Sasa naomba msaada. Nataka neno la swali la tatu ambalo bibi wa Isyonje atalielewa, kijana wa Mwanjelwa hatalicheka, na msichana wa kuuliza hataona haya kulitamka. Karibuni.

---

Kamwene_Ipogolo

Nimeacha ugali mezani kwa ajili yako. Kamwene mkuu. Endelea.

---

MwalimuBios

Mada nzuri, ila wacha niweke sawa jambo moja kwa sababu wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaliangukia kila mwaka.

Kwenye baiolojia kinyesi si utoaji taka mwili kwa maana yake halisi. Taka mwili ni zile zilizotengenezwa na seli zenyewe: urea, kabonidayoksaidi, na kadhalika. Ugali ulioingia mdomoni ukapita utumbo wote na sehemu yake isimeng'enywe, ile sehemu haijawahi kuingia kwenye seli yoyote. Imepita tu, kama basi la Dar linalopita Igawa bila kusimama. Hilo tunaliita kwa neno lingine, nalo ni la Kilatini pia, *egerere*, kubeba na kupeleka nje. Ndugu yake ni *digerere*, kutenganisha na kusambaza, ambalo limezaa neno la umeng'enyaji.

Sasa kichekesho kwa mleta mada: lile neno lako la chekeche linalifaa zaidi figo. Figo mbili za mtu mzima huchuja kama lita 180 kwa siku, karibu zote zinarudishwa kwenye damu, inabaki lita moja na nusu hivi ya mkojo. Huko ndiko kuchekecha. Utumbo mpana wenyewe kazi yake kubwa mwishoni ni kunyonya maji, ndiyo maana ukikaa siku nne kama bibi yako mzigo unakauka kama tofali la kuchoma.

Na hata kufunga choo nako ni Kilatini: *constipare*, kushindilia pamoja, kama unavyoshindilia viazi kwenye gunia mpaka linaota lumbesa.

---

MzaliwaTukuyu_RN

Ugonile. Mimi ni nesi, kwa hiyo maneno haya nayatamka kabla ya chai ya asubuhi.

Mtafsiri, tatizo lako ni zaidi ya neno. Ni nani anamuuliza nani. Sisi Wanyakyusa, mke na baba mkwe hawatazamani. Bibi zetu walikuwa wakimwona mkwe anakuja njiani wanapisha mpaka kwenye migomba. Siku hizi imelegea, tunasalimiana kwa mbali, lakini kuna mahali haijalegea hata kidogo.

Nilikuwa zamu ya usiku. Nafika kitanda cha saba, faili linasema mzee, mpira wa mkojo, pima ujazo wa mfuko kila baada ya saa nne. Nainua macho, ni baba mdogo wa mume wangu. Kwetu huyo ni mkwe kamili. Yeye aliponiona alivuta blanketi mpaka puani. Mimi nikageuka na beseni langu. Hakuna aliyesema neno. Nikamfuata mwenzangu Msukuma nikamwambia, dada, nitakufanyia vitanda vyako vinne, nichukulie kile kimoja tu. Akacheka, akaenda. Asubuhi nikaona kwenye chati ameandika mililita 900, mkojo safi, nikafurahi. Mkwe alikuwa anaendelea vizuri.

Sasa huyo mzee ukimletea msichana mwenye karatasi amuulize "unakunya mara ngapi", atasema yuko mzima na atarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Moja la kuchangamsha, wodi ya wazazi: choo cha kwanza cha mtoto mchanga, kile cheusi kinachonata kama lami, jina lake la kitabuni limetokana na neno la Kigiriki la utomvu wa mpopi, ule wa afyuni. Waliona vinafanana kwa rangi. Kila nikimfuta mtoto nalikumbuka.

---

MkulimaVwawa

Mnaongea Kilatini wakati Kilatini chenyewe tunacho stoo. Nenda duka lolote la pembejeo, kuna mfuko wa kilo 50 umeandikwa UREA kwa herufi kubwa. Mwaka jana mtoto wangu karudi shule ananiambia baba hiyo ni mkojo. Nikataka kumchapa. Kumbe anasema kweli?

---

MtafsiriUyole (mleta mada)

Anasema kweli nusu. Jina limetoka kwenye mkojo, Kigiriki *ouron*, Kilatini *urina*, kwa sababu urea ilitambuliwa kwanza ndani ya mkojo karne ya 18. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler akaitengeneza maabara bila figo wala kibofu cha mtu yeyote, na wataalamu wa wakati ule walipigwa na butwaa, kwani wengi waliamini vitu vya mwilini haviwezi kutengenezwa nje ya mwili. Ya kwenye mfuko wako inatoka kiwandani, amonia na kabonidayoksaidi, nitrojeni 46%. Kuzia mahindi bila wasiwasi.

Na usimchape mtoto.

---

KondaMstaafu_Mafinga

Mbona mnazunguka? Neno lipo, na lote ni la kwetu: KUCHIMBA DAWA. Miaka kumi na moja nimefanya kazi barabara ya Mbeya–Dar. Saa moja asubuhi msitu wa Sao Hill, ukungu umefunika misonobari, abiria wametoka Mbeya usiku, nafungua mlango napiga kelele, "Wa kuchimba dawa! Dakika tano! Kina baba kushoto, kina mama kulia!" Hajawahi mtu kuniuliza dawa gani. Mzungu mmoja tu alishuka na kitabu, akatafuta mitishamba kweli.

Na baridi ile inawafanya wote washuke. Mkisimama Ruaha Mbuyuni kwenye joto wanashuka kununua vitunguu tu.

---

MwalimuBios

Konda yuko sahihi kisayansi. Kwenye baridi mishipa ya damu ya ngozi inasinyaa, damu inajaa katikati ya mwili, mwili unaona maji yamezidi, figo zinaongeza mkojo. Watu wa Makete hamuhitaji kusomewa hili.

---

MtafsiriUyole (mleta mada)

Konda, umenipa raha kuliko wote. Sasa sikia lile neno la ukurasa wa pili, "micturition". Kukojoa kwa Kilatini ni *mingere*. Lakini neno la madaktari limetoka kwenye *micturire*, na hiyo ni namna ya kitenzi inayoonyesha hamu. Maana yake ni kutaka kukojoa. Kubanwa. Kwa hiyo ukishika asili, mwenye hali hiyo ni yule abiria wa siti ya nyuma aliyekunja miguu tangu Makambako anakuuliza, "Konda, tunasimama wapi?" Ukishafungua mlango, neno limekwisha kazi.

---

Ostadhi_Mbalizi

Assalaam alaykum. Naona mmekipita Kiarabu, na ndicho kilichotusitiri. "Haja" maana yake hitaji. Hatukulitaja jambo, tumetaja kwamba mtu ana hitaji, kubwa au dogo. Mrumi alisema hamu, Mwarabu akasema hitaji, na wote wawili wakaishia hapo kabla ya mlango.

Na liko jingine. Kiarabu cha zamani kinyesi ni *ghait*. Asili yake ni ardhi iliyoinama, bonde. Watu walikwenda kujisitiri bondeni wasionekane, jina la bonde likashukia kile kilichoachwa bondeni. Kwa hiyo bibi wa Isyonje asichekwe. Kuchanganya pahala na kitu ni jambo la lugha nyingi.

---

MtafsiriUyole (mleta mada)

Ostadhi, ahsante sana, umeniokoa. Maana Kiingereza kimefanya vile vile! "Stool" si Kilatini hata kidogo, ni neno lao la nyumbani, na maana yake ni kigoda. Kile kiti cha kukalia wakati wa haja kikaitwa hivyo, kisha tendo likaitwa hivyo, mwisho hata mzigo wenyewe. Bibi wa Kiingereza wa zamani ukimuuliza lile swali angeweza kujibu, "Kigoda ninacho, cha mninga."

Bonde, kigoda, choo. Na "latrine" ndiyo kabisa: *latrina* imefupishwa kutoka *lavatrina*, pahala pa kuoga, kutoka *lavare*, kuosha. Sisi nasi tunaaga tunakwenda "msalani", na msala ni mkeka wa kusalia.

---

Jembe_la_Mkono

Samahani, mimi ni mtu wa Ludewa, sina lugha ndefu. MAVI NI MAVI. Kunya ni kunya. Mababu walisema hivyo. Nyinyi wasomi mnakimbilia Kilatini na Kiarabu kwa sababu mnaonea aibu lugha yenu. Warumi hawakuwa na aibu ndiyo maana walitawala dunia.

---

MtafsiriUyole (mleta mada)

Mkuu Jembe, nusu nakupa. Kunya ni neno la Kibantu la kale, Wazulu hadi leo wanasema *ukunya*. Na angalia unafiki wetu: magazeti yanaandika "kinyesi" bila kupepesa, afisa afya anasimama mkutanoni anasema "kinyesi", wakati kinyesi ni mtoto wa tumbo la kunya. Mama tumemfukuza sebuleni, mtoto tumempa kiti mbele.

Waingereza hivyo hivyo. Neno lao fupi la nyumbani ni tusi, la Kilatini ni la hospitali. Wao walikopa usafi Roma, sisi tukakopa Uarabuni.

Ila kuhusu Warumi wenyewe. Mrumi wa mtaani hakuwa akisema *defaecare*, angekuuliza unaongelea mvinyo gani. Alisema *cacare*, na neno hilo halijafa, Wataliano wanalo vile vile na Wahispania wanasema *cagar*. Pale Ostia, bandari ya Roma ya kale, kuna chumba kimechorwa ukutani wale wanafalsafa saba wa Ugiriki, wazee wenye ndevu, wamekaa kwa heshima. Juu ya kila mmoja kuna maandishi ya ushauri. Solon, ili aende vizuri, alipapasa tumbo. Thales aliwaagiza wenye choo kigumu wakaze. Na Chilon mjanja alifundisha kujamba kimya kimya. Chini yao wamechorwa watu wa kawaida kama wako chooni, nao wana maneno yao.

Kwa hiyo ndiyo, hawakuona aibu. Lakini ujue ule ulikuwa utani wa ukutani, na utani unachekesha pale tu ambapo kuna heshima ya kuvunja. Mbele ya mkwe wa nesi wetu pia ungekaa kimya.

---

Kamwene_Ipogolo

Chilon apewe udaktari wa heshima. Kwenye daladala ya asubuhi tunamhitaji.

---

Stendi_Kuu

Halafu hawa Warumi ndio walioanzisha choo cha kulipia? Nimesikia mfalme wao alitoza watu wakikojoa. Hapa stendi ukiwa huna hela ndogo unaweza kuaibika mchana kweupe.

---

MwalimuBios

Si hivyo hasa. Ni Vespasian, aliyetawala mwaka 69 hadi 79. Hakumtoza mkojoaji. Mkojo ulikusanywa kwenye vyoo vya umma ukatumiwa na wafua nguo na wasafisha sufu, kwa sababu ukikaa unatoa amonia inayoondoa mafuta. Kodi ilikuwa kwenye huo mkojo. Mwanawe Tito akalalamika, baba akamshikia sarafu puani akamuuliza kama inanuka. Akasema hainuki. Akaambiwa, na bado imetoka kwenye mkojo.

Hadi leo Wataliano wana vyoo vya barabarani vinavyoitwa kwa jina la yule mfalme. Heshima ya namna yake.

---

MkulimaVwawa

Kwa hiyo mkojo ulikuwa na soko, na mimi namwaga. Mbolea ya samadi je, nayo ina Kilatini?

---

MtafsiriUyole (mleta mada)

Inayo, na utaipenda. "Manure" imetokana na *manus*, mkono, na *opera*, kazi, ikapitia Kifaransa. Mwanzoni ilimaanisha kulima shamba kwa mikono. Baadaye ndipo ikawa kile unachokitia shambani. Mtu wa Ludewa hapo juu amejiita Jembe la Mkono, kumbe kwa asili ya neno amejiita samadi. Mkuu usininunie.

---

Jembe_la_Mkono

Nimecheka. Umepona leo.

---

MzaliwaTukuyu_RN

Turudi kwenye swali la tatu, maana dodoso litachapishwa. Mimi nasema tumia "haja kubwa". Wodini ndilo linalopita kwa wote, mzee na kijana. "Tangu juzi umekwenda haja kubwa mara ngapi?" Idadi, siyo ndiyo na hapana. Hakuna atakayekuhesabia mabati.

---

MtafsiriUyole (mleta mada)

Mrejesho, wakuu.

Nimefuata ushauri wa nesi, ila msichana wa kuuliza alifupisha kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Tulikuwa kijiji kimoja njia ya kwenda Kyela, mzee wa miaka sabini na kitu, kofia mkononi, mtu wa kanisa, unamjua kwa namna anavyokaa. Msichana akasema, "Shikamoo babu. Haja kubwa, babu, ipo?"

Mzee akaweka kofia kwenye goti. Akakaa kimya kidogo. Akasema, "Ipo, mwanangu. Kijana wangu wa pili alikwenda Tunduma miaka sita iliyopita kutafuta maisha, hapigi simu. Hiyo ndiyo haja yangu kubwa. Mkiomba, mnitajie na hiyo."

Msichana akanitazama. Mimi nikatazama dirishani.

Akamuuliza jina la kijana, akaliandika pembezoni mwa karatasi, kisha akamwita yule mjukuu aliyemleta, akamwambia taratibu amuulize babu kwa Kinyakyusa. Wakanong'onezana. Mjukuu akainua vidole viwili.

---

Kamwene_Ipogolo

Sasa kwenye fomu umeandikaje?

---

MtafsiriUyole (mleta mada)

Nimeandika sentensi nzima ya nesi, na "haja kubwa" na "choo kikubwa" vyote viwili, mkwaju katikati. Chini yake, kwa herufi ndogo, maelekezo kwa anayeuliza: soma swali lote, usifupishe.